Siku 28 tu: tathmini ya huduma ya ULS ya Uingereza, pale askari aliyemdhulumu mtoto anapopewa adhabu nyepesi

Kila mara mahakama ya Uingereza inapompa askari polisi kifungo kilichoahirishwa (haingii jela mradi asivunje masharti) baada ya kumtia hatiani kwa kumdhulumu mtoto, mitandao huwaka moto. Watu hutia saini kwa maelfu, jaji hutukanwa, wabunge huandikiwa, kisha habari nyingine hutokea na ile husahaulika. Ilhali ipo huduma ya serikali, ya bure, inayomruhusu mtu yeyote kuomba adhabu hiyo ifikishwe Mahakama ya Rufani ili iongezwe. Wengi hawaijui. Wanaoijua, wengi wao huigonga hodi ikiwa imeshafungwa.

Huduma hiyo hujulikana kwa kifupi kama ULS (Unduly Lenient Sentence, yaani adhabu nyepesi kupita kiasi), na inaendeshwa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu kwa ajili ya Uingereza na Wales. Uskoti na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao, hazimo hapa. Tathmini hii inaipima ULS kwa jambo moja tu: inafaa kiasi gani pale mkosaji ni askari na aliyeumizwa ni mtoto? Tunaipa alama tatu kati ya tano. Kwa gharama na urahisi wa kuomba ingestahili tano kamili. Kinachoishusha ni saa yake isiyo na huruma, pamoja na shimo moja kubwa ambalo kesi nyingi za aina hii hutumbukia humo.

Inavyofanya kazi

Msingi wake ni vifungu vya 35 na 36 vya Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 1988. Kabla ya sheria hiyo, mfungwa aliweza kukata rufaa akidai adhabu ni kali mno, lakini upande wa pili haukuwa na mlango wa kusema ni nyepesi mno. Mlango ukafunguliwa kwa mtu mmoja: Mwanasheria Mkuu, ambaye kazi hii hugawana na msaidizi wake, Wakili Mkuu wa Serikali. Mwathiriwa hawezi kwenda Mahakama ya Rufani mwenyewe. Polisi hawawezi, na waendesha mashtaka wa CPS, idara ya mashtaka ya serikali, pia hawawezi. Wote hao, pamoja na wewe uliyesoma habari kwenye gazeti, mnachoweza ni kumwomba yeye apeleke.

Ombi moja linatosha. Hili ndilo jambo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Maombi elfu tano kuhusu kesi moja hayana uzito kuliko ombi la mtu mmoja, kwa sababu wanasheria wanaolisoma hawahesabu hasira. Wanalinganisha adhabu na miongozo rasmi ya adhabu wanayopaswa kuifuata majaji. Ukiona kampeni inayowahimiza watu wajaze fomu kwa wingi, ujue nguvu nyingi zinapotea bure. Heri mtu mmoja aandike vizuri, mapema.

Kipimo kinachotumika kiliwekwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1989, katika mojawapo ya kesi za mwanzo chini ya sheria hii. Mahakama haiulizi kama wao wangetoa adhabu kubwa zaidi. Inauliza kama adhabu iliyotolewa iko nje ya kiwango ambacho jaji yeyote, akizingatia mambo yote yanayohusika, angeweza kukiona ni cha haki. Kwa hiyo adhabu inaweza kuwa nyepesi na bado ikabaki, kwa sababu haikuwa nyepesi kupita kiasi. Anayeandika ombi bila kulielewa hili huishia kulalamika kwamba miaka miwili ni midogo, akajibiwa kwa heshima kwamba ndiyo, ni midogo, lakini imo ndani ya kiwango.

Mfano unaoonyesha uwezo wa huduma na mpaka wake kwa pamoja ni wa mtangazaji Stuart Hall. Mwaka 2013 alihukumiwa miezi 15 kwa makosa 14 ya shambulio la aibu dhidi ya wasichana, mdogo wao akiwa na miaka 9. Malalamiko yalimfikia Mwanasheria Mkuu, naye akaipeleka kesi, na mwezi Julai mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaifanya adhabu kuwa miezi 30. Iliongezwa maradufu, na bado watu waliona ni kichekesho. Lakini makosa yale yalitendeka miongo kadhaa nyuma, na mahakama hufungwa na kikomo cha adhabu kilichokuwepo siku kosa lilipotendwa. Ukimlalamikia askari mstaafu aliyedhulumu watoto miaka ya sabini, angalia kwanza kikomo cha wakati ule. Mara nyingi hapo ndipo penye jibu la kwa nini miaka ni michache, wala si kwa jaji.

Saa

Siku 28 zinahesabiwa tangu siku adhabu ilipotolewa. Haziongezwi kwa ugonjwa wala kwa kutojua, na haijalishi kama mwathiriwa ni mtoto ambaye familia yake haikuambiwa kitu. Hesabu siku ya adhabu yenyewe kuwa siku ya kwanza, hutakosea. Adhabu ikitolewa tarehe 1 Machi, kwako mwisho ni tarehe 28 Machi, na ndani ya saa za kazi. Kuna mama mmoja, mwanawe aliuawa mwaka 2015, aliyepata habari za mpango huu siku ya mwisho kabisa. Barua pepe yake ilifika jioni baada ya ofisi kufungwa, nayo ikakataliwa. Kampeni aliyoianzisha baada ya hapo ndiyo iliyowafanya wanasiasa wengi waanze kulizungumzia jambo hili.

Kinachozidisha ubaya ni kwamba siku hizo si zako peke yako. Mwanasheria Mkuu naye anatakiwa awe ameshawasilisha maombi yake kwa msajili wa Mahakama ya Rufani ndani ya siku zilezile. Kabla ya hapo wanasheria wake wanapaswa kupata jalada kutoka CPS: maelezo ya upande wa mashtaka, maneno ya jaji wakati wa kutoa adhabu, ripoti ya ofisa wa uangalizi, tamko la mwathiriwa na rekodi ya mkosaji. Wanasoma, wanaandika ushauri, mwenyewe anaamua. Ombi linaloingia siku ya 26 linawaachia siku mbili za kazi ya wiki mbili. Muswada wa Wahanga na Mahakama uliowasilishwa bungeni mwaka 2025 ulikusudia kuwapa wanasheria hao muda wa nyongeza pale ombi linapoingia mwishoni, lakini mtu makini asipange mambo yake kwa kutegemea nyongeza. Tuma ndani ya siku kumi za kwanza.

Usisubiri nakala kamili ya maneno ya jaji. Nakala huombwa mahakamani kwa fomu maalumu na kwa kawaida hulipiwa, na yaweza kufika baada ya dirisha kufungwa. Kesi zinazovuma sana maneno ya jaji huwekwa kwenye tovuti ya idara ya mahakama, mara nyingine siku hiyohiyo. Nyingine tegemea ripoti ya mwandishi aliyekaa mahakamani. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu itajipatia jalada yenyewe. Kazi yako ni kuwaambia lipo.

Unachoandika

Fomu ipo kwenye tovuti ya serikali, na barua pepe ya kawaida pia inapokelewa. Wanahitaji jina kamili la mshtakiwa, jina la mahakama, tarehe ya adhabu, na makosa aliyotiwa hatiani. Hayo manne yakikosekana, siku zinaliwa kwa kutafuta kesi gani unaizungumzia. Huhitaji wakili, wala huulizwi una uhusiano gani na kesi.

Jina la mtoto usiliandike mahali popote palipo wazi. Waathiriwa wa makosa ya kingono wana ulinzi wa kutotajwa maisha yao yote chini ya sheria ya mwaka 1992, na ulinzi huo unavunjwa pia kwa vidokezo: shule, mtaa, jina la mzazi ambaye ni ndugu wa askari. Watu wamejikuta wao ndio washtakiwa kwa sababu ya ujumbe walioutuma kwa nia njema.

Baada ya hayo manne, aya moja au mbili za hoja hulipa ombi nguvu. Hapa ndipo wengi hujaza hasira badala ya hoja. Hoja inayosikilizwa inataja mwongozo wa kosa husika wa Baraza la Miongozo ya Adhabu, ambao unapatikana bure mtandaoni, na kusema ni wapi jaji ametoka nje yake. Kwa kesi za askari, angalia sehemu hizi.

Kwanza, matumizi mabaya ya uaminifu. Katika miongozo mingi ya makosa ya kingono dhidi ya watoto, kuvunja uaminifu hupandisha hatia hadi daraja A, la juu kabisa, na daraja ndilo linaloamua jaji aanzie miaka mingapi. Swali la kuuliza si kama mtu ni askari tu. Ni je, alitumia uaskari wake? Alikutana na mtoto kazini, alikuwa zamu shuleni, aliitikia simu ya dharura ya familia hiyo, alivaa sare kwenye picha alizomtumia, alipekua mfumo wa polisi kutafuta anwani? Kama alifanya lolote kati ya hayo na ripoti ya kesi inaonyesha jaji aliweka kosa daraja B, hiyo ni hoja nzito kuliko kurasa kumi za uchungu. Kama alimdhulumu mtoto nyumbani bila kuuhusisha uaskari, hoja hii ni dhaifu, hata kama umma unaona vingine.

Pili, sifa njema. Wakili wa utetezi atasema mteja wake ametumikia umma miaka 15, ana vyeti vya pongezi, hajawahi kushitakiwa. Miongozo inasema wazi kwamba katika makosa mazito ya aina hii sifa njema haipaswi kwa kawaida kupewa uzito wa maana, na kwamba pale sifa hiyo ilipomsaidia mtu kutenda kosa, inaweza kugeuka kuwa sababu ya kuongeza adhabu. Ukiona gazeti limemnukuu jaji akisema anapunguza kwa sababu ya utumishi uliotukuka, nakili sentensi hiyo neno kwa neno na uiweke kwenye ombi.

Tatu, kupoteza kazi. Hoja hii haikosekani: amefukuzwa, amepoteza pensheni, gerezani atawindwa. Gereza ni gumu kweli kwa aliyekuwa askari, na majaji wana haki ya kulitazama hilo. Lakini kufukuzwa ni matokeo ya lazima ya kosa lenyewe. Likitumiwa kama sababu kuu ya kumwachia mtu asiingie gerezani, lipo la kuuliza.

Nne, punguzo la kukiri. Anayekiri mara ya kwanza kabisa hupunguziwa theluthi moja, akichelewa, robo, siku ya kesi kuanza, moja ya kumi. Piga hesabu kinyumenyume. Adhabu ya miaka 2 baada ya kukiri mapema ilikuwa miaka 3 kabla ya punguzo. Ombi linalodai jaji alianzia miaka 2 wakati alianzia 3 linaonyesha mwandishi hajasoma, na msomaji wake analiona hilo mara moja.

Kuna mtego mwingine ambao huwakasirisha watu kila mara kesi ya picha za unyanyasaji wa watoto inaposomwa. Mashtaka husema "kutengeneza" picha, na wasomaji huamini mtu alisimama na kamera. Kisheria, kuipakua tu ni kutengeneza, ila kwenye adhabu kupakua huhesabiwa kama kumiliki. Tofauti ni kubwa mno: kwa picha za daraja A, mbaya kuliko zote, aliyemiliki huanzia mwaka 1, na kiwango ni wiki 26 hadi miaka 3, aliyezalisha huanzia miaka 6, na kiwango ni 4 hadi 9. Kwa hiyo askari aliyekutwa na picha za daraja A kwenye simu, akakiri mapema, ataangukia kwenye miezi. Vifungo vya hadi miaka 2 kwa miaka mingi vimekuwa vinaweza kuahirishwa, na muswada wa adhabu wa 2025 ulipendekeza kikomo kipande hadi 3. Hapo ndipo "ametoka bila kwenda jela" hutokea, na mara nyingi bila jaji kuvunja mwongozo wowote. ULS haina la kufanya kwa adhabu hiyo. Anayeikataa ana ugomvi na mwongozo, na ugomvi huo unapiganiwa kwenye Baraza linapofungua maoni ya umma au bungeni.

Shimo

ULS hugusa adhabu zilizotolewa na Mahakama ya Crown pekee, ile inayosikiliza kesi nzito za jinai. Adhabu ya Mahakama ya Mahakimu, iliyo chini yake, hata iwe ya ajabu namna gani, haiguswi. Mwezi Septemba 2024 mtangazaji Huw Edwards alipewa miezi 6 iliyoahirishwa kwa miaka 2 kwa makosa matatu ya picha za watoto, ambamo 7 zilikuwa za daraja A. Umma ulichachamaa. Hakukuwa na pa kwenda, kwa sababu adhabu ilitolewa na Hakimu Mkuu katika Mahakama ya Mahakimu ya Westminster. Askari mwenye mashtaka ya namna hiyohiyo, akikiri mapema, anaweza kuishia chumba kilekile.

Na shimo limepanuka. Tangu tarehe 18 Novemba 2024 mahakimu wana uwezo wa kufunga hadi miezi 12 kwa kosa moja, badala ya 6. Lengo lilikuwa kupunguza mrundikano wa kesi kwenye Mahakama ya Crown, na kwa lengo hilo ni sawa. Lakini kila kesi inayobaki kwa mahakimu ni kesi iliyotoka mikononi mwa ULS, na sijaona waziri aliyelisema hilo kwa sauti. Kuna afueni moja: hakimu akiona uwezo wake hautoshi akaipeleka kesi Mahakama ya Crown kwa ajili ya adhabu tu, adhabu ya huko inahesabika. Hivyo kabla ya kuandika chochote, tafuta jina la mahakama iliyotoa adhabu, si iliyosikiliza mwanzo. Magazeti huchanganya.

Hata ndani ya Mahakama ya Crown, kosa liwe kwenye orodha. Yale yanayosikilizwa huko tu yote yamo: ubakaji, wizi wa kutumia nguvu, kuua, kupotosha mwenendo wa haki. Katika yale yanayoweza kusikilizwa kokote, yamo baadhi ya makosa ya kingono dhidi ya watoto na ukatili dhidi ya mtoto. Orodha ilipanuliwa 2017 kwa makosa ya ugaidi na Novemba 2019 kwa mengine 14, yakiwemo ya kuandama mtu na zaidi ya kingono. Kwa askari, mawili ya kukumbuka ni matumizi mabaya ya ofisi ya umma, kosa la kale lisilo kwenye kitabu cha sheria lakini lenye kikomo cha kifungo cha maisha, na matumizi ya rushwa au yasiyofaa ya mamlaka ya polisi, chini ya sheria ya 2015, lenye kikomo cha miaka 14. Yote mawili husikilizwa Mahakama ya Crown pekee, kwa hiyo yamo.

Lakini kuwamo si kushinda. Kosa la matumizi mabaya ya ofisi halina mwongozo rasmi wa adhabu. Majaji huangalia kesi zilizotangulia, na hizo zimetawanyika mno. Kiwango kikiwa kipana hivyo, ni vigumu kuthibitisha kwamba jaji ametoka nje yake. Hili linawagusa hasa wasichana wa miaka 16 na 17. Umri wao umevuka ule wa ridhaa, na askari hayumo moja kwa moja kwenye orodha ya watu walio kwenye nafasi ya uaminifu kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2003, kama alivyo mwalimu. Basi mashtaka yanayobaki mara nyingi ni matumizi mabaya ya ofisi, na adhabu yake ndiyo hiyo isiyo na kipimo cha kueleweka. Pengo hili halipigiwi kelele kabisa, nasi tunaliona ni baya kuliko suala la siku 28.

Vilivyo nje kabisa: kupekua mifumo ya polisi bila ruhusa likiwa kosa pekee, shambulio dogo dhidi ya mtoto wakati wa kumkamata, na matokeo ya vikao vya nidhamu.

Ukifika Mahakama ya Rufani

Majaji watatu huketi. Kwanza wanaamua kama waruhusu maombi, kisha kama adhabu ni nyepesi kupita kiasi, kisha kama waiongeze. Katika hatua ya tatu wanaweza kutoa punguzo kwa sababu mtu anahukumiwa mara mbili, hasa akiwa alikuwa nje na sasa anapelekwa jela. Kama amekwisha kumaliza nusu ya programu ya matibabu aliyoamriwa, hilo nalo litatazamwa. Maombi mengi hayafiki hapa. Yanayofika, mengi huishia adhabu kuongezwa, kwa sababu Mwanasheria Mkuu hupeleka zile anazoamini zina miguu.

Mahakama hiyo pia imeitumia njia hii kurekebisha kanuni. Mwaka 2021, katika kesi ya Reed na wenzake, baadhi zikiwa zimeletwa kwa ULS, ilieleza kwamba aliyemwandama kingono mtoto wa kubuniwa, nyuma yake akiwa mpelelezi, apimwe kwa madhara aliyokusudia kabla ya kupunguziwa kwa sababu mtoto hakuwepo. Miongozo ikafuata. Askari wanaonaswa kwa chambo cha namna hii wapo, na ombi linalohusu kesi zao litaje kanuni hiyo.

Usichanganye kima cha chini na adhabu. Lewis Edwards, askari wa South Wales aliyewalaghai zaidi ya wasichana 200 kupitia Snapchat, alipewa kifungo cha maisha Oktoba 2023 katika Mahakama ya Crown ya Cardiff, kima cha chini miaka 12. Wengi walisoma 12 wakaishia hapo. Miaka hiyo ni muda kabla bodi ya parole haijaruhusiwa hata kumfikiria; baada yake anaweza kubaki ndani, na akitoka yuko chini ya leseni, yaani masharti ya kuachiwa, hadi kufa. Mtu anaweza bado kuona 12 ni michache, lakini aandike ombi lake akijua anachokipinga ni kima cha chini.

Pale ULS isipofaa

Jaji mwenyewe anaweza kurekebisha kosa la wazi la adhabu ndani ya siku 56, na CPS ndiyo ya kumkumbusha. Inafaa pale jaji alipokosea sheria, mfano kutoa adhabu asiyo na uwezo nayo, si pale alipokuwa mpole. Lalamiko kwa ofisi inayochunguza mwenendo wa majaji halifai hata kidogo kwa adhabu. Hupokea malalamiko ya lugha na tabia tu.

Pensheni ni jambo la pekee, na watu wengi hudhani hupotea yenyewe. Haipotei. Kamishna wa polisi wa eneo, au meya mahali anapofanya kazi hiyo, humwomba Waziri wa Mambo ya Ndani cheti kwamba kosa lilihusiana na utumishi na lina madhara makubwa kwa taifa au linaweza kuvunja sana imani ya umma. Cheti kikipatikana, kinachoweza kunyang'anywa ni hadi asilimia 65. Sehemu iliyobaki ni michango yake mwenyewe. Hapa hakuna siku 28, na barua ya mwananchi kwa kamishna ina nafasi ya kweli, hasa kesi ambayo uhusiano wa kosa na kazi ulionekana mahakamani.

Jibu la ULS likija la kukataa, halina rufaa. Soma sababu waliyotoa. Wakisema kosa halimo kwenye orodha, hiyo ni barua ya kumpelekea mbunge wako kama ilivyo, ikitaja kosa kwa jina la kisheria, kwa sababu orodha hubadilishwa kwa amri ya waziri bila kupitisha sheria mpya, kama ilivyofanyika 2017 na 2019. Wakisema adhabu imo ndani ya kiwango, mwandikie mbunge huyo ukitaja mwongozo na kurasa zake. Wakisema imechelewa, jalada limefungwa.